Kidole Kilichofungua Mfuko

Mtaja alianza kutaja watu asubuhi, wanawake wa Kamugeta wakiwa wamepanga ndoo zao kwenye gati wakisubiri kuambiwa kama maji ya siku hiyo yananyweka. Sauti ilitoka kwenye spika, laini, ya kike, yenye adabu zote za mapokezi ya hoteli, ikasema kwamba maji hayanyweki. Kisha ikaingia kwenye majina.

"Chirangi Masatu, wa Kinyariri. Nyafuru Magoti, wa Kinyariri. Nyasinde Majura, wa Kinyariri."

Nyangeta alikuwa kwenye boti ya ofisi, kando ya boya, mikono imezama katika maji ya kijani mazito kama mlenda. Aliposikia jina la tatu, chupa ya sampuli ilimponyoka ikazama. Nyasinde Majura alikuwa shangazi yake, dada wa baba yake, mwanamke ambaye hata majivu ya jikoni hakuyamwaga karibu na mto.

Majina yaliendelea. Kinyariri kizima kilitajwa, nyumba baada ya nyumba, na hakuna jina hata moja lililotoka kwingine. Kwenye gati mtu alitukana. Nyangeta hakumlaumu. Sato walikuwa wanaelea matumbo juu mpaka kwenye mawe ya ufukweni, na zahanati ya Kamugeta ilikuwa imejaa watoto wanaotapika. Walikunywa maji yaliyochemshwa vizuri kabisa na mama zao, kwa sababu sumu ya mwani ule haijali moto.

Na hakuna uchawi hapo. Mbolea iliyokusudiwa mahindi ikisombwa na mvua haisahau kazi yake. Ikifika ziwani inaotesha inachokikuta, na inachokikuta ni mwani. Mwani unazaliana mpaka jua linashindwa kupenya, unakufa, unaoza, na ukioza unameza hewa yote iliyomo majini. Samaki wanakufa kwa kukosa pumzi huku wakiogelea.

Ndiyo maana Mtaja alitengenezwa. Kila mfuko wa mbolea uliouzwa katika bonde lote, kuanzia milimani hadi ziwani, ulikuwa na kufuli lisilofunguka ila kwa kidole gumba cha aliyeununua. Kidole kikigusa, kila punje ndani ya mfuko ilipokea alama ya mwenye kidole, uzi mdogo uliofumwa maabara, usioonekana kwa macho, usiofutwa na mvua wala udongo. Maboya ya ziwani yaliyaonja maji, yakazisoma nyuzi, yakasema ni nani. Msomaji wa ghuba akithibitisha kwa kidole chake mwenyewe, lango la mfereji wa kijiji kilichotajwa lilijifunga, na halikufunguka mpaka msimu upite.

Msomaji wa Ghuba ya Kamugeta alikuwa Nyangeta. Aliipenda kazi hiyo kwa moyo wote. Siku ya kuanza alisimama ndani ya maji hadi magotini, kama wasomaji wote, akaapa kwamba mkono wake hautatia ziwani kitu ambacho ziwa halikukiomba. Tangu hapo hakuwahi hata kufulia leso humo.

*

Alipanda Kinyariri kwa pikipiki ya ofisi, njiani akitafuta uchafu aliotakiwa na mashine kuuamini. Hakuuona. Aliona makinga maji yamepandwa majani ya tembo mpaka ncha, na kando ya mto mafunjo yamesimama mazito bila kukatwa, kwa sababu wazee wa kijiji walimtoza mbuzi kila aliyeyagusa. Aliona bustani za vitunguu ambazo ukizijumlisha zote hazifikii uwanja wa mpira. Mtu hawezi kuua ghuba nzima kwa bustani zile hata akiamua.

Shangazi Nyasinde alikuwa ameinama kwenye kitalu. Hakuinuka.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umekuja kutusalimia au kutufungia maji?"

"Nimekuja kuuliza. Mbolea yako ya msimu huu uliimwaga wapi?"

"Ningeimwaga wapi mimi? Hivi vitunguu navilisha samadi. Ile ya mfuko nilikwenda nayo kibaruani."

"Kibaruani wapi?"

Shangazi aliinuka sasa, mkono kiunoni, akamtazama kama mtu anayeulizwa njia ya kwenda kisimani na mtoto aliyezaliwa hapohapo. "Huko juu, Mavuno. Kwani kuna wapi kwingine? Nyangeta, wewe ni wa kuambiwa kwamba kibarua huja na jembe lake? Ukienda mikono mitupu, unarudi mikono mitupu. Ndivyo tulivyozaliwa tukakuta. Basi mwaka huu wale wa Mavuno wakatufikia na sisi, kama walivyovifikia vijiji vingine miaka ya nyuma, wakasema, mwenye jembe na mfuko anaingia getini kwanza. Tukabeba mifuko."

"Mkaifungua wapi?"

"Palepale getini. Unaweka kidole, unamimina kwenye tangi lao, unaingia kulima. Mwisho wa msimu wanakurudishia mfuko mwingine."

"Kijiji kizima?"

"Nani angebaki? Nibaki nyumbani na wajukuu wanatazama sufuria, kisa nimeionea huruma mbolea?"

Nyangeta aliketi kwenye ukingo wa tuta. Shamba la Mavuno lilikuwa kule juu ya mto, mahindi ya kulishia ng'ombe wa nchi za mbali, yamepandwa mpaka kwenye kingo, bila kinga maji hata moja. Kila mwaka alilisubiri Mtaja alitaje. Kila mwaka jina lilikuwa dogo, safi, chini ya kiwango. Alikuwa amewahi hata kuwasifu kwenye mkutano, na sasa alipokumbuka alitaka kujitemea mate.

"Shangazi, hamkuona ubaya?"

"Ubaya upi? Jembe langu likilima shamba la mtu, mavuno ya nani?"

"Yake."

"Basi nikadhani na mbolea ni hivyohivyo."

Hapo damu ilimchemka Nyangeta, na ilimchemka kwa haki. Mtu akikuibia kuku unaweza kumfukuza. Hawa walikuwa wameiba desturi. Walichukua utaratibu wa watu wa kuchukua jembe begani, utaratibu wa heshima, wakaugeuza shimo la kutupia dhambi zao. Na waliotumbukizwa humo walikuwa bado wanashukuru kwamba waliingia getini mapema.

"Wakitufungia maji sasa," shangazi alisema, sauti imeshuka, "vitunguu hivi vinakufa wiki hii. Mpunga nao. Unajua tutakula nini?"

Alijua. Mwaka ambao lango la kijiji jirani lilifungwa, watu waliuza mabati ya nyumba zao. Yeye ndiye aliyethibitisha, na usiku wake alilala vizuri.

*

Alimkuta Mkuu wa Bonde kwenye nyumba ya wageni ya Mavuno, anakula. Dokta Ambindwile alikuwa ameshuka kutoka makao makuu kwa ajili ya uthibitisho, maana kijiji kizima hakifungiwi maji bila Mkuu kuwepo, na Meneja Msuba alikuwa amemkaribisha kwa kuku na mchuzi wa nazi. Nyangeta alisimama akayaeleza yote. Hakuna aliyemwambia akae.

"Sisi hatukumlazimisha mtu," Msuba alisema kwa upole, akimwongezea Mkuu wali. "Tulisema tu atakayekuja na mfuko atatangulia. Ni motisha."

"Mheshimiwa," Nyangeta alimwambia Mkuu, "mbolea ile imelisha shamba lake. Mahindi ni yake. Udongo uliokwenda ziwani ni wa kwake."

"Sheria inamjua aliyefungua mfuko." Dokta Ambindwile alipangusa vidole. "Wewe ni mdogo, lakini mimi nakumbuka. Zamani kila tajiri tuliyemkamata alisema, si mimi, ni vibarua. Kesi zilikwenda miaka, ziwa linaoza. Ndipo tukasema basi, hatutaki maelezo. Tunataka kidole. Na ziwa likapona. Ulitaka turudi kwenye maelezo?"

"Nataka uulize nani alivuna."

"Mtaja hasomi mavuno. Anasoma maji."

Msuba alitabasamu, si kwa ubaya, kama mtu anayemwonea huruma mgeni asiyejua njia. Tabasamu lile ndilo lililomuuma Nyangeta kuliko maneno yote.

"Sikiliza, binti yangu," Mkuu aliendelea. "Kesho asubuhi tutakuwa gatini. Utathibitisha mbele ya watu. Ukikataa, hakuna lango litakalofungwa bonde zima, hakuna atakayeogopa kumwaga, mvua zinazokuja zitashusha mbolea iliyobaki, na wale watoto wa zahanati wataongezeka. Hilo utalibeba wewe."

Na alisema kweli, hilo ndilo lililokuwa baya. Akithibitisha, Kinyariri kinakufa njaa kwa kosa la Mavuno. Asipothibitisha, Mavuno wanaendelea kumimina na Kamugeta wanaendelea kunywa. Njia zote mbili Msuba anamaliza kula kuku wake.

Macho yake yaliangukia mkasi. Ulikuwa mezani kando ya kofia ya Mkuu, ndani ya kijaluba cha mahameli, mkasi wa kukatia utepe. Dokta Ambindwile alisafiri nao. Bonde zima lilijua kwamba hakuwahi kukataa kuzindua kitu. Alizindua choo cha shule moja mara mbili, mara ya pili kwa sababu kilipakwa rangi. Wananchi wakimwomba awawekee jiwe, akate utepe au afungue bomba, atakuja, atatabasamu, na ataweka mkono wake mahali popote atakapoonyeshwa.

Wazo lilimjia Nyangeta akiwa bado anautazama mkasi, nalo lilimtisha.

"Sawa, mheshimiwa," alisema. "Nitakuwepo. Ila kwa kuwa unakuja, wananchi wana ombi. Wameandaa ukanda wa majani pale ufukweni, wa kuchuja maji. Wangefurahi kama ungewafungulia mfuko wa kwanza wa mbolea, uwe wa baraka."

Uso wa Mkuu ulilainika. "Mfuko mpya?"

"Mpya kabisa. Haujaguswa na kidole."

*

Shangazi Nyasinde hakulipenda wazo hilo. Alipoambiwa, jioni hiyo kijua bado kipo, aliacha kuchambua mboga.

"Utatia sumu ziwani, wewe?"

"Kopo moja tu, mdomoni mwa boya. Boya linasema linachokionja."

"Kopo moja." Shangazi alicheka bila furaha. "Kila mtu anasema kidogo. Na hao wa Mavuno walisema mfuko mmoja kwa kila mtu."

Nyangeta alikuwa amejiambia hayohayo njiani. Kopo lile lingelisha mwani. Mwani ule ungeweza kuingia kwenye ndoo ya mtu. Na kulikuwa na jambo zito zaidi ya kopo: akifanya hivyo hadharani, atakuwa amemfundisha kila mjanja wa bonde kwamba Mtaja anaweza kudanganywa. Kesho mtu atahadaiwa na adui yake afungue mfuko, na ziwa litamtaja asiye na kosa. Mashine iliyoponya ziwa, aliyoiapia, angeivunja kwa mkono wake.

"Lakini imeshavunjika, shangazi," alisema hatimaye, na machozi ya hasira yalimjaa. "Mavuno wameshaivunja. Tofauti ni kwamba wao waliivunja kimya kimya, na kimya chao kinaitwa sheria. Mimi nataka ivunjike watu wakiona."

"Watakufukuza kazi."

"Watanifukuza."

Shangazi alirudi kwenye mboga zake. Akiwa anachambua alisema, "Nitakuja na kijiji chote. Na majembe. Sitaki mtu aseme tulikuja mikono mitupu."

*

Asubuhi gati lilijaa. Wanawake wa Kamugeta walisimama upande mmoja na ndoo, wamekasirika, na watu wa Kinyariri upande wa pili na majembe, wamekasirika vilevile. Dokta Ambindwile alipita katikati yao amevaa suti nyeupe, Msuba nyuma yake, na mpiga picha wa Bonde nyuma ya Msuba.

Palikuwa na ukanda wa majani kweli. Nyangeta hakutaka kusema uongo zaidi ya uliohitajika. Palikuwa na utepe, ukakatwa. Palikuwa na mfuko juu ya meza yenye kitambaa, na Mkuu akaweka kidole gumba kwenye kufuli huku akiitazama kamera. Kufuli liliitika, mfuko ukafunguka, watu wachache wakapiga makofi.

Nyangeta alichota kopo moja. Alivua viatu, akashuka ngazi za gati, akaingia majini hadi magotini, hadi kiunoni, mpaka akalifikia boya. Nyuma yake Mkuu alikuwa bado anazungumzia umuhimu wa uoto. Mkono wa Nyangeta ulikataa mara ya kwanza. Ulisimama hewani na kopo, na alijisikia vibaya kama mtu anayetaka kumpiga mama yake. Kisha akamwaga.

Spika zililia kwa upole.

"Ubora wa maji umeshuka. Ambindwile Kasebele, wa Makao ya Bonde."

Mpiga picha alishusha kamera.

"Kiwango kimezidishwa," Mtaja aliendelea kwa adabu. "Nasubiri uthibitisho wa msomaji ili lango la Makao ya Bonde lifungwe."

Makao ya Bonde yalikuwa na nyumba za wakubwa, bustani zao, na chemchemi ya mapambo iliyoruka maji mchana kutwa. Nyangeta alirudi gatini akichuruzika, akachukua kishikwambi chake, akaweka kidole gumba juu yake bila kukibonyeza.

"Nini hiki?" Mkuu alisema. "Huyu ndiye aliyemwaga. Mmemwona wote."

"Kidole ni chako, mheshimiwa. Sheria inamjua aliyefungua mfuko."

"Nilifungua kwa sababu niliombwa!" Shingo ya Dokta Ambindwile ilikuwa imetoka mishipa. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. "Mimi ni mwalikwa tu hapa. Nimeambiwa weka kidole, nimeweka. Tangu lini mwalikwa akaulizwa? Anaulizwa mwenye shughuli, aliyeniita!"

Mzee mmoja wa Kinyariri aliteremsha jembe begani, akalisimamisha chini. Msuba ndiye wa kwanza kuelewa, maana alimshika Mkuu kiwiko na kumnong'oneza kwamba waondoke.

"Mwenye shughuli ni mimi," Nyangeta alisema. "Nilikualika, nikamwaga, na niliapa kwamba sitafanya hivyo kamwe. Niandike mimi. Adhabu yangu nitaipokea, na kazi yenu mtaichukua. Hawa nao walialikwa. Waliambiwa weka kidole, wakaweka, kwa sababu walihitaji kazi. Umesema mwenyewe anayeulizwa ni nani. Liambie boya hayohayo."

Mkuu alilitazama boya. Kauli ya Mkuu wa Bonde ikisemwa kwenye boya la Mtaja ilikuwa amri, ikiingia hapo haitoki. Sheria hiyo aliiandika yeye, ili mtu asije akabadilisha maneno baadaye.

"Na nisiposema?"

"Nabonyeza, na leo jioni chemchemi yako inakauka. Kisha nitakaa hapa, na kila siku nitabonyeza jina la kila mkubwa aliyewahi kuzindua mfuko wa mbolea katika bonde hili. Sijui kama nitaimaliza orodha kabla hamjanifukuza, lakini nitaanza."

Msuba aliuachia ule mkono. Alikuwa anatazama majini sasa, akijifanya ana shughuli na simu. Mama mmoja wa Kamugeta, ambaye mtoto wake alikuwa zahanati, alipita upande wa majembe akasimama huko na ndoo yake tupu, na wengine wakamfuata, mpaka Mkuu akajikuta hana mtu wa upande wake ila mpiga picha.

Dokta Ambindwile aliinama kuelekea kwenye boya. Alisema haraka, chini ya pumzi, kama mtu anayesema maneno ambayo angependa yazame, kwamba wa kuulizwa si aliyefungua mfuko bali mwenye shamba aliyemwita aufungue.

Shangazi Nyasinde alikuwa amesimama karibu naye kuliko mtu yeyote. Aliweka kiganja nyuma ya sikio.

"Hatujasikia, mheshimiwa," alisema. "Sema tena, na umtaje."